Kamba ya Bara, Kamba ya Pwani

Nyumbani kwetu Pangani kulikuwa na kamba za aina mbili, na hata mtoto alijua ipi ni ya nani. Ya Bibi, mama yake Baba, ilikuwa ya usumba wa nazi: kahawia iliyokolea, imejaa vinyweleo vinavyochoma kiganja, na ina harufu ya tope la pwani isiyoisha hata baada ya mwaka. Ya Babu, baba yake Mama, ilikuwa ya katani: nyeupe inayoelekea manjano, inang'aa, imetundikwa msumarini ukutani kama nywele zilizochanwa. Ya Bibi ilifunga mbuzi, ikafunga kitanda, ikafunga mashua. Ya Babu ilikuja kama zawadi.

Mashua ya Baba ilipotea mwaka 2003, mwezi wa Julai, upepo wa kusi umeshika. Amari yake ya siku zote, yaani kamba ya nanga, ilikuwa imechakaa, na makumbi ambayo Bibi alikusudia kusokotea nyingine yalikuwa bado chini ya tope, hayajaiva. Babu akasikia. Akaja kwa basi kutoka upande wa Muheza, begani amebeba kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, nene kama kidole gumba, nyuzi tatu zilizopandanishwa vizuri kuliko za dukani. Baba akaipokea kwa mikono miwili. Haikumaliza wiki tatu. Usiku mmoja bahari ilichafuka, kamba ikakatika, na asubuhi tukaikuta mashua imelala ubavu juu ya mwamba, mbao za chini zimefumuka. Hakukuwa na mtu ndani, alhamdulillahi. Lakini mashua ilikuwa na deni, na deni halizami.

Bibi alisema neno moja tu, tena kwa sauti ya chini, akichambua mchele: "Kamba ya bara haiijui bahari." Neno dogo, lakini lilipanda basi likafika Muheza kabla ya sisi kumaliza kuokota mbao. Babu naye akajibu kwa njia hiyo hiyo ya watu: kwamba kamba yake inavuta lori kutoka matopeni, kwamba yeye amefanya kazi ya mkonge tangu kabla ya uhuru, na kama watu wa pwani hawajui kufunga chombo, katani haina kosa. Hakuja tena Pangani. Miaka 12. Baba alikwenda kuvulia katika vyombo vya wenzake. Mama alijifunza kusema "nyumbani" bila kufafanua ni wapi, na kila Desemba alikuwa akitupakia kwenye basi, sisi watoto na mfuko wa samaki wakavu, tukamwone Babu. Baba alikuwa akitusindikiza hadi kituoni, na kwenda naye hakwenda.

Kwa hiyo nilipoingia chuo kusomea uhandisi, na mwaka wa mwisho tukatakiwa kila mmoja achague kitu cha kupima, wenzangu wengi walichagua zege na nondo. Mimi nilichagua kamba.

Ili mtu aelewe nilichokiona, ni lazima kwanza aijue mimea yenyewe.

Mkonge ni mgeni kwetu. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi na kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikiitawala biashara ya huku, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na mdomo wa mto Pangani, yaani karibu kabisa na pale Bibi alipokuwa akifukia makumbi yake. Kutoka kwa miche hiyo ikatoka ile bahari ya majani makali ambayo msafiri wa Tanga anaiona hadi leo, na miaka ya mwanzo ya uhuru Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa katani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Tani hizo zilikuwa na mikono. Babu alikuja kutoka Kigoma mwaka 1958, kijana asiyefika hata miaka 20, kwa treni kisha kwa lori, pamoja na Waha wenzake. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Alikata majani na kuyafunga mizigo ya majani 30, akihesabu mizigo hadi kazi ya siku itimie na kipande chake kitiwe alama. Baadaye alihamishiwa korona, kiwandani, ambako jani linapitishwa kwenye magurudumu yenye visu butu, nyama ya kijani inapondwa na kusombwa na maji, zinabaki singa. Katika kila kilo 100 za majani, singa kavu ni kilo nne hivi. Nilipokuwa mdogo alinionyesha jani limesimama shambani wakati wa kiangazi, kila kitu kingine kimenyauka. "Ona," aliniambia. "Halina maji, lakini halilali."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Jani la mkonge lina urefu wa mita moja na zaidi, limeshikwa upande mmoja tu, na ni lazima lisimame katika jua na upepo bila nguzo. Nyuzi zake zinakwenda ndani ya jani kwa urefu, kama nondo ndani ya boriti ya zege, na kazi yake ni moja: kukataa kupinda.

Nazi ina shida nyingine kabisa. Tunda zito linaning'inia mita 15, mita 20 juu ya ardhi, na siku ikifika linaanguka. Ndani yake kuna mtoto wa mnazi anayetakiwa afike chini salama, pengine juu ya jiwe, pengine juu ya mizizi. Kumbi ni godoro lake. Nyuzi za godoro haziruhusiwi kukataa. Zinatakiwa zikubali, zikubali polepole, mpaka kishindo kiishe.

Bibi alizichimbua nyuzi hizo kwa kazi ambayo haina jina zuri. Makumbi yanafukiwa kwenye tope pale maji yanapojaa na kupwa, yanagandamizwa kwa mawe yasielee, yanaachwa miezi sita na wakati mwingine zaidi. Humo ndani bakteria wanakula ile gundi laini inayoshikanisha nyuzi. Nyuzi zenyewe hawaziwezi, kwa kuwa usumba una lignini nyingi, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na lignini ni kitu kinachofanya mti uwe mti na usioze haraka. Katani ina lignini kidogo tu. Ndiyo maana kamba ya usumba inavumilia maji ya chumvi miaka, na katani ikikaa majini huanza kuoza. Bibi hakuhitaji neno lignini. Alikuwa akisema, "Kilichozikwa miezi sita na kikafufuka mzima, bahari itakifanya nini?"

Kisha yanapondwa kwa mti juu ya gogo, yanasuuzwa, yanaanikwa, na jioni wanawake wanakaa barazani kusokota. Uzi mmoja wa usumba ni mfupi, shibiri moja na kitu. Kutoka shibiri mpaka amari ya pima 20 hakuna fundo wala gundi, kuna mzunguko tu. Unasokota nyuzi mbili katikati ya viganja kwa upande mmoja, kisha unazipandanisha kwa upande wa pili, ili kila moja ikitaka kufumuka imkaze mwenzake. Ukiivuta kamba, mizunguko inabanana. Kadiri unavyovuta ndivyo inavyoshikana. Niliwahi kumuuliza Bibi nani alimfundisha. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza nani alimfundisha kutafuna.

Watu wa pwani hii wametegemea kamba hizo kwa muda mrefu kuliko mkonge. Kile kitabu cha Kigiriki cha mabaharia wa Bahari ya Hindi, kilichoandikwa karne ya kwanza, kinautaja mji wa Rhapta katika pwani yetu na kinasema jina hilo limetokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Mitepe iliendelea kushonwa kwa kamba ya nazi mpaka karne ya 20, mbao kwa mbao, bila msumari. Chombo kilichoshonwa kikigonga mchanga hujinyonga kidogo kisha hurudi.

Chuoni nilianza na hadubini. Nilikata singa ya katani na uzi wa usumba kwa upana, nikaviweka chini ya lenzi, na vyote viwili vilionekana kama sega la nyuki: vijumba vidogo vidogo vilivyobanana, kila kimoja kina ukuta mnene na tundu katikati. Vilifanana kiasi cha kunikatisha tamaa. Kamba mbili zilizotenganisha familia yangu, na ndani ni sega moja!

Tofauti iko ndani ya ukuta wa kila kijumba, na hapo hadubini ile haikufika. Tulitegemea vipimo vilivyofanywa na wengine kwa miale ya eksirei. Ukuta umejengwa kwa vinyuzi vya selulosi, vyembamba mno, vilivyolazwa ndani ya mchanganyiko wa lignini na vitu vingine laini. Vinyuzi hivyo havikulala moja kwa moja. Vinazunguka, kama utepe uliozungushwa kwenye fimbo. Sasa chukua fimbo na utepe kweli, ujaribu. Ukiuzungusha utepe kwa mkao wa kusimama, mzunguko mmoja kwa urefu mkubwa, utepe unakaribia kunyooka, na ukiuvuta hauna cha kukupa: umeshanyooka, kilichobaki ni kushika au kukatika. Ukiuzungusha kwa mlazo, mizunguko mingi ya karibu karibu, umetengeneza springi. Ukivuta, kwanza mizunguko inafunguka, na utepe wenyewe hauanzi kuumia mpaka baadaye sana.

Katika katani pembe ya mzunguko huo ni kama digrii 20 kutoka kwenye mhimili wa uzi. Katika usumba ni digrii 40 na kitu, karibu 45. Selulosi ni ile ile. Mungu hakubadilisha uzi, alibadilisha namna ya kuuzungusha. Jani lilihitaji kusimama, tunda lilihitaji kuanguka.

Nakiri kwamba nilikaa na sentensi hiyo muda mrefu kuliko ripoti ilivyohitaji. Bibi barazani alikuwa anarudia kwa viganja vyake kitu ambacho nazi ilishakifanya ndani ya kila kijumba: mzunguko juu ya mzunguko.

Halafu nikaingia kwenye mashine ya kuvuta. Unabana uzi juu na chini, mashine inavuta taratibu, na kompyuta inachora mstari: nguvu kwenda juu, urefu kwenda kulia. Katani ilipanda kama mtu anayepanda ngazi ya ghala. Mstari ulinyooka juu, juu, kisha tak, kimya. Ilikuwa imerefuka milimita mbili au tatu kwa kila 100, basi. Usumba ulianza vizuri, ukapinda mapema, na ukaendelea kwenda kulia kwa uvivu hata nikapata muda wa kunywa maji. Milimita 15. Milimita 20. Nyuzi nyingi zilipita 25 kabla ya kukatika. Kwa unene ule ule, katani ilibeba mara tatu hadi nne ya usumba. Lakini eneo lililo chini ya mstari, ambalo ni kipimo cha kishindo ambacho uzi unaweza kukimeza kabla ya kufa, la usumba lilikuwa kubwa mara kadhaa.

Lori lililokwama matopeni linavutwa. Dereva anakaza kamba polepole, kisha anaongeza mafuta, na hapo anataka kamba isiyorefuka. Mashua iliyotia nanga haivutwi, inarushwa. Wimbi linaiinua, linaiachia, linaiinua, na kila mara mwisho wa kamba unapofika kuna kishindo. Kamba isiyorefuka inapaswa kuusimamisha uzito wote wa chombo ndani ya umbali wa upana wa kiganja, na kwa hiyo nguvu inayoifikia ni kubwa kupindukia. Kamba inayorefuka inausimamisha ndani ya hatua mbili tatu, kwa upole. Mashua ya Baba haikuhitaji kamba yenye nguvu kuliko zote. Ilihitaji inayoanguka kama nazi.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukiweka kwenye ripoti. Mama alikuwa amekihifadhi kipande cha kamba iliyokatika, urefu wa mkono, chini ya khanga zake katika sanduku. Alinipa nilipomwambia ninachokifanya, bila kunieleza kwa nini alikuwa nacho. Baada ya miaka 12 hakikufaa kupimwa, lakini kilifaa kuangaliwa. Ncha haikuwa imesagika kama kamba iliyosuguana na mwamba, wala haikuwa imeoza. Nyuzi zote tatu zilikatika karibu mahali pamoja, ncha imechanua kama brashi. Kazi ya aliyeisokota haikuwa na kasoro.

Likizo ilipofika nilikwenda Muheza kwanza. Babu alikuwa amekaa nje, mgongo umeegemezwa ukutani, maana ulikuwa unamsumbua; miaka 30 ya kuinama na kubeba ilikuwa imeanza kudai. Nikamfungulia grafu juu ya mapaja. Aliifuata mistari kwa kidole kama anayesoma ramani.

"Huu ni wangu?"

"Ndiyo, Babu."

"Umekwenda juu."

"Umekwenda juu. Kwa unene mmoja ni mara tatu na zaidi."

Akacheka, akapiga paja. "Kawaambie hivyo huko Pangani."

Nikamweleza na ule mstari wa pili. Nikamweleza habari ya wimbi na kishindo, na jinsi usumba unavyomeza. Hakunikatiza. Nilipomaliza alinyamaza kwa muda, akiangalia ule upande ambako zamani kulikuwa na mkonge na sasa kuna mihogo ya watu.

"Jani la mkonge halikunjiki," alisema mwishowe. "Ukilikunja linavunjika. Nimelishika ujana wangu wote, mjukuu wangu. Si kitu cha kuambiwa na mashine."

Kisha akaingia ndani.

Bibi nilimkuta barazani, na yeye hakuitaka hata hiyo grafu. Alisikiliza akisokota. Nilipofika kwenye pembe ya digrii 45 alinyanyua uzi mmoja, akauweka mbele ya jua, akautazama kana kwamba ataiona.

"Na yake," aliuliza, "ilivuta lori kweli?"

"Kweli, Bibi. Na lingine ingelivuta."

"Basi mkwe hakusema uongo."

Nilidhani hapo pametosha. Kwa watu wa umri wao, nilihisi, hapo palikuwa mbali mno tayari. Lakini niliporudi chuoni Mama alinipigia simu kunisimulia. Bibi alikuwa ameuliza mgongo wa Babu unaendeleaje. Akaambiwa kwamba analala juu ya mbao, godoro limekwisha, na haamki vizuri. Bibi akasema mgongo mbovu hautaki kitu kinachoukatalia. Siku nane alikaa anasokota kamba nyembamba ya kitanda, pima baada ya pima, akaifunga mviringo, akampa Mama aipeleke pamoja na mtu wa kuisuka kwenye fremu. Babu aliangalia kazi ile ikifanyika bila neno. Usiku akalala. Asubuhi alisema kwamba kamba inanuka.

Mtu aliyezoea vitanda vya kamba anajua kilichofuata. Usumba una tabia nyingine ambayo mashine yangu, kwa haraka yake, haikuionyesha: ukiuwekea uzito siku nyingi, unaendelea kurefuka kidogo kidogo, bila kurudi wote. Vinyuzi vinateleza ndani ya lignini, pembe inafunguka nywele kwa nywele. Kitanda kinazama katikati. Ni lazima kamba ikazwe upya kila baada ya muda, na kukaza ni kazi ya anayejua, kuanzia kona ya miguuni, mshazari, usiache mkunjo.

Baada ya miezi miwili Babu alimpigia simu Mama akasema kitanda kimelegea. Mama akasema atamtafuta mtu hapo hapo Muheza. Babu akasema hapana, watu wa huku hawaijui kamba hiyo.

Bibi aliondoka Pangani kwa basi la asubuhi. Baba ndiye aliyembebea kikapu, na safari hii alipanda naye.